Mwaka Niliokataa Kurogwa

Mwaka jana, kule Nyashimo, kwenye sherehe ya kipaimara cha mjukuu wa kaka yangu, niliketishwa meza moja na mzee mwembamba aliyekuwa akichambua sato kwa vidole, mfupa baada ya mfupa, bila haraka. Nilitambua mikono yake kabla ya uso. Mikono ile iliwahi kukaa juu ya tumbo langu asubuhi nyingi, kidole kimoja kimelala, kingine kinakigonga, mwenyewe kainamisha kichwa kama mtu anayebisha hodi na kusikiliza kama ndani kuna watu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kama mtu aliyezoea kuamkiwa na watu asiowajua. Nikamwambia mimi ni Limbu, yule karani wa mizani ya pamba, wodi ya wanaume Bariadi, kitanda cha karibu na mlango. Akaacha samaki wake. "Limbu alikufa," akasema kwa upole, kana kwamba mfiwa ni mimi. Mke wangu Minza, aliyekuwa ameketi kushoto kwangu, akamsogezea bakuli la mchuzi na kumjibu, "Hakufa, Dokta. Ni huyu hapa, na sahani yake ameshaimaliza."

Dokta Mgaya alicheka hadi akafuta machozi kwa kitambaa cha mezani. Alipotulia alisema kwamba alihamishwa kabla hajaona mwisho wangu, na kwamba wagonjwa wengi wa aina yangu aliowaona wakipata nafuu walirudi kwenye chupa, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo aliniweka kwenye hesabu ya marehemu. Akataka kujua nilifanyaje. Pale mezani, huku kwaya ikiimba kwenye spika na watoto wakipita na soda, nilieleza vibaya, mambo ya nyuma mbele, ya mbele nyuma. Minza alinirekebisha mara tatu. Kwa hiyo naandika hapa kwa utaratibu, na yeye amesoma kila ukurasa.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na soko la pamba lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Kabla ya hapo mkulima alileta pamba kwenye ghala la ushirika, akapewa karatasi, akarudi nyumbani kungoja. Sasa makampuni binafsi yalikuja na magari yao, na kila wakala alimtafuta karani anayewajua wakulima kwa majina na kwa ukoo, anayeweza kuongea nao Kisukuma na kuwafanya walete pamba kwake badala ya kwa jirani. Mimi nilikuwa karani wa namna hiyo. Niliacha ushirika nikaenda kwa kampuni iliyonipa baiskeli mpya na mwavuli wa kujikinga jua kwenye mizani. Jioni mawakala walikutana gesti moja nyuma ya soko, chumba namba tatu, chenye meza iliyotandikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, na kreti za bia zikiwa zimesukumwa chini ya kitanda. Nyama ilikuja na sinia, pilipili pembeni. Nilikaribishwa kama mtu mkubwa. Miaka yote niliyofanya kazi ya mizani hakuna aliyewahi kunifungulia bia na kunisubiri nionje kwanza.

Sikuwa mlevi wa kuanguka njiani, na hilo ndilo lililonidanganya. Kwa mawakala nilikunywa bia, lakini mshahara wa bia ya kila siku sikuwa nao, kwa hiyo mchana nilikunywa gongo kwa mama mmoja aliyekuwa akiipika nyuma ya nyumba za kiwanda cha kuchambua pamba. Kufikia Agosti nilikuwa siwezi kushika kalamu asubuhi kabla ya kunywa. Minza aliniwekea chai mezani, nami niliimwaga nusu nje ya dirisha nikaongeza gongo kutoka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi niliyoificha kwenye buti la mvua. Mkono ulitulia, nikaenda kazini, nikaandika tarakimu zangu vizuri zikapendeza. Nilijihesabu kuwa mzima kwa sababu tarakimu zilikuwa nzuri.

Miguu ndiyo iliyoanza. Viatu vilikataa kuingia, nikavaa kandambili nikisema ni joto. Halafu tumbo likaja juu, gumu na zito, huku mikono na mashavu vikikonda. Kinyozi aliyekuwa akinikata nywele aligeuza kioo ili nijione, na nilichokiona ni macho ya manjano kama ya mbuzi. Siku moja nilikuwa nimelala chumbani, nikamsikia Minza akimwambia jirani uani kwamba chakula sili na tumbo linakua, na kwamba usingizini nafanya hesabu za pamba. Jirani akamwuliza kama ninakunywa. Minza akasema anafikiri ni malaria iliyokaa muda mrefu. Alikuwa anajua. Chupa ya kwenye buti alikuwa ameiona wiki nyingi kabla. Alinitetea kwa uongo, nami nilifurahi kwamba amejua kunitetea.

Septemba msimu ulipofungwa, kaka yangu mkubwa, Shija, alikuja kunichukua anirudishe kijijini, upande wa njia ya Migato. Nililazwa kwenye chumba cha kuhifadhia mbegu, juu ya godoro la magunia, na ukuta kati yangu na sebule haukufika paa. Kila kilichosemwa kule nilikisikia. Walimleta mganga mmoja kutoka mbali, sijui wapi, ambaye hata chumbani kwangu hakuingia. Alikaa sebuleni, akala kuku, akatupa vitu vyake chini kwenye ngozi, akasema tumbo hili lina mtu. Ni mwanamke, mzee, wa upande wa baba, na macho yake ni mekundu. Hakutaja jina. Kimya kilichofuata kilinitosha kujua kwamba kila mmoja mle ndani amekwisha kulitaja moyoni.

Shangazi yetu Ngolo, ambaye sote tulimwita Sengi kama tunavyowaita mashangazi kwa Kisukuma, alikuwa mjane anayeishi peke yake kwenye kibanda mwisho wa mji wetu, yaani boma la familia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu alipika kwa mabua ya pamba, ambayo moshi wake ni mkali, na kwa sababu kibanda chake hakikuwa na dirisha. Wanawake wengi wa umri wake walikuwa na macho ya namna hiyo. Siku zile, katika sehemu zetu, macho hayo yalihesabiwa ni ya mchawi, nayo yalikuwa yameshawaponza wengi wakauawa. Watu walikuja na mapanga, na baadaye hakuna aliyesema ameona.

Nitasema hapa jambo ambalo sikumwambia Dokta Mgaya pale mezani. Niliposikia maneno ya mganga, niliyapenda. Nililala kwenye magunia yale nikahisi nafuu niliyokuwa sijaipata kwa miezi. Mtu aliyerogwa hana kosa. Anaonewa huruma, anapelekewa uji, na hakuna anayemwuliza kilichokuwa ndani ya kikombe chake cha chai. Nilimpenda Sengi, naye ndiye aliyekuwa akiniletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kila nilipofika nyumbani. Lakini siku ile, kwa saa kadhaa, nilikubali kwamba ndiye aliyenitia maji tumboni, kwa sababu kama si yeye ilikuwa mimi.

Minza hakukubali. Asubuhi alimwomba jirani mkokoteni wa ng'ombe, akanifikisha barabarani, tukapanda lori lililokuwa likirudisha magunia matupu mjini. Shija alimkataza, akamwambia hospitali hawatibu vitu vya watu. Minza alijibu kwamba wakishindwa atanirudisha. Wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu kilichopakwa chokaa juu na rangi ya kijani chini, vitanda kumi na vinne, na dirisha moja lililotazama jiko la ndugu wa wagonjwa, ambako kila familia ilipikia mtu wake. Dokta Mgaya alinigongagonga tumbo, akaniuliza ninakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo kidogo. Akaandika, akaniuliza tena swali lilelile kama vile hajaliuliza, nikasema kidogo. Hakubishana. Siku ya tatu nilianza kutetemeka hadi kitanda kikalia, na nikaona wakulima wakiingia dirishani na marobota ya pamba, wanapanga foleni, wanalalamika kwamba mizani yangu inawaibia. Niliwajibu mchana kutwa. Nesi wa zamu, Sista Paskazia wa kutoka Bukoba, mama mnene asiyependa maneno mengi, alinichoma sindano, akakaa kitandani kwangu akanishika kifundo cha mkono hadi foleni ikaisha. Nilipopata akili alisema, "Sasa tunajua kidogo chako ni kiasi gani."

Walinitoa maji. Dokta alinichoma sindano upande wa chini wa tumbo, akaunganisha mpira, na maji ya rangi ya chai nyepesi yakatiririka kwenye ndoo hadi ikabidi waende kutafuta ndoo ya pili. Alinieleza wakati yakitoka, macho yake yakiwa kwenye mpira. Ini langu, alisema, limeungua kwa pombe hadi likaanza kuwa na makovu, na damu inayotakiwa kupita humo inakwama, ndiyo maana maji yanavuja tumboni. Makovu hayafutiki. Ila ini halijafa lote, na sehemu iliyobaki inaweza kufanya kazi ikiachwa ipumzike. Dawa za kukojoa atanipa, na vitamini, na chakula nitakula mara nyingi, kidogo kidogo, mayai na maharage na maziwa, bila chumvi. Pombe nikionja hata tone moja, hata siku ya harusi ya mwanangu, basi, nimekwisha. Kisha akasema atatuma damu yangu Mwanza ikapimwe virusi vya homa ya ini, kwa maana virusi hivyo navyo hulila ini la mtu ambaye hajawahi hata kunusa pombe. Wiki tatu nilisubiri majibu yale nikiomba virusi vipatikane. Nilitaka chochote kiwe na kosa isipokuwa mimi. Majibu yalipokuja, alikuja nayo mwenyewe. "Virusi hamna, Limbu," alisema. "Mmebaki wewe na chupa."

Siku hiyohiyo niliwasikia yeye na Sista mlangoni. Kitanda changu kilikuwa karibu, nami nilikuwa nimefumba macho. Sista alimwuliza anionaje. Dokta akasema maji yanarudi tumboni upesi mno na kwamba nikirudi kwenye pombe hanipi miezi mitatu. Sista akauliza, "Na asiporudi?" Dokta akasema hajaona wengi wa namna hiyo, kwa hiyo hawezi kusema.

Maji kweli yalikuwa yanarudi, na hakuna aliyejua kwa nini. Minza alikuwa amefunga mkebe wa chumvi kwenye kitambaa akaupeleka kwa jirani ili mkono wake usije ukasahau. Alinipikia mlenda, kisamvu kwa karanga, maharage kwa nyanya na limau. Wiki za mwanzo chakula kilikuwa kama kula pamba, ila nilikimaliza kwa sababu alikaa akinitazama. Siku moja Sista Paskazia aliingia kwenye jiko la ndugu, akatembea sufuria hadi sufuria, akafika kwa Minza akachovya kijiko. Akauliza kinachofanya mlenda ule uive laini hivi ni nini. Minza akasema ni magadi tu, si chumvi, chumvi ameacha kabisa. Sista akaomba ayaone, akayaweka ulimini. "Mama, hii ni chumvi imevaa nguo nyingine," alisema, na akayamwaga kwenye majivu. Minza alilia, na baadaye akacheka, na hadi leo hataki kuona magadi ndani ya nyumba yake.

Mizani ya wodi ilikuwa imekwama mshale, na Dokta alitaka uzito wangu ujulikane kila wiki ili ajue kama maji yanatoka. Minza ndiye aliyefikiria ghala. Kila Jumamosi asubuhi nilivuka barabara polepole, nikiwa nimevaa kanzu ya wodi, hadi ghala nililofanyia kazi, nikapanda juu ya mizani niliyoipimia pamba ya watu. Wapagazi walinicheka Jumamosi ya kwanza. Mmoja alitaka kukata uzito wa gunia, kama tulivyofanya kwa pamba. Jumamosi ya pili walikaa kimya, na ya tatu, baada ya magadi kuachwa, nilikuwa nimepungua kilo nne, wakapiga makofi. Wiki iliyofuata nilipungua tatu nyingine. Niliona mifupa ya vifundo vyangu vya miguu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi, nikakaa kitandani nikiitazama kama kitu nilichonunua.

Ndipo Shija akaja. Alileta maziwa kwenye kibuyu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akasema nimekonda vizuri. Kisha akaniambia kwamba kijijini mambo yameiva. Mlango wa Sengi umepigwa mawe mara mbili, naye sasa analala jikoni kwa katekista. Vijana wanasema maneno. Ukoo utakutana mwanzoni mwa Desemba, watu wakikusanyika kupanda, na wanachotaka kutoka kwangu ni neno moja tu, kwamba namshuku. Nikimshuku, mambo yatakwisha. Nilimwuliza yatakwishaje, akatazama dirishani. Nikamwambia nitafikiri. Hilo ndilo jibu nililompa kaka yangu kuhusu maisha ya shangazi yetu, nami nilikuwa na akili zangu zote na vidonge vyangu tayari nimekunywa.

Shija alipoondoka, Minza aliniita jikoni. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya. Alisema ameyasikia yote. Alisema yeye hatanishawishi, kwa sababu amechoka kunisaidia kusema uongo na hajui tena kunisaidia kusema kweli. "Wewe unajua kilichokuumiza," akasema. "Mimi najua, Dokta anajua, Sista anajua. Ukinyamaza, wewe utapona na yeye watamuua, na hapo mimi sitaweza kukaa na wewe." Akanipa kisu, tukamaliza viazi pamoja.

Dokta Mgaya hakutaka kuniruhusu. Nilipomweleza sababu alivua miwani, akaniandikia ruhusa ya siku mbili na akanipa vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, akasisitiza nisile cha watu. Ukoo ulikutana sebuleni kwa Shija, katikati ya magunia ya mbegu za pamba. Wanaume walikaa kwenye viti na viroba, wanawake mlangoni. Sengi alikuwa amekaa nje, mgongo umeegemea ukuta, mahali ambapo hatukumwona lakini alitusikia. Walinipa nafasi ya kusema, nami nilisimama kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nikawahesabia. Asubuhi kikombe kimoja kwenye chai, mama yule wa gongo saa nne, tena saa nane, jioni bia sita au nane, usiku kilichobaki kwenye buti. Niliwaambia kuhusu buti. Niliwaambia jinsi nilivyosikia maneno ya mganga nikayafurahia. Mzee mmoja akasema babu zetu walikunywa na hawakuvimba. Nikamjibu kwamba wengine walivimba, ila tuliwatafutia mchawi. Hapo wengine walicheka na wengine wakaanza kuondoka.

Nilipandisha shati nikawaonyesha tumbo, ngozi imelegea mahali maji yalipokuwa. Nikasema, "Nimeacha pombe na chumvi, tumbo limepungua. Sengi yuko palepale alipokuwa. Kama ni yeye, kwa nini limepungua?" Kisha nikasema jambo ambalo sikulipanga, na ambalo lilinishika miezi yote iliyofuata. Niliwaomba wanipe hadi mavuno. Sitakunywa tone. Wakisikia nimekunywa, maneno yangu yasihesabiwe. Ila nikifika mavuno nikiwa hai, nimesimama, basi mambo ya Sengi yafungwe na asiulizwe tena na mtu. Shija alikuwa ametazama sakafu muda wote. Alipoinua uso ulikuwa wa mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake. "Bora ungerogwa," aliniambia. Ila alikuwa mkuu wa ukoo, na wazee walikuwa wakimtazama, akasema sawa, hadi mavuno. Sengi alirudi mjini nasi asubuhi iliyofuata akiwa na chungu kimoja, kuku mmoja na shuka.

Tulikuwa na vyumba viwili vya kupanga, na mwezi uleule niliruhusiwa kutoka wodini. Tulitundika pazia, akalala upande wa kuku wake. Hakuniuliza ninakwenda wapi wala nimetoka wapi. Alikula chakula changu kisicho na chumvi ingawa Minza alimwekea yake pembeni. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Januari, mvua inanyesha, nikamwuliza kwa nini hanichungi, wakati anajua vizuri kinachotegemea kinywa changu. Alikuwa akikoboa karanga. Alisema, "Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimekuja hapa nilale. Kule nilikuwa silali." Akaendelea na karanga zake. Nilitoka nje nikasimama mvuani. Hakuna maneno ya Dokta yaliyowahi kunishika kama hayo.

Kiu haikuwa inakuja kila siku. Ilikuja kama mgeni asiyetoa taarifa, pale ninapopita nyuma ya kiwanda, au ninaposikia kizibo kikitoka. Machi, Bundala, dereva wa kampuni, rafiki yangu wa chumba namba tatu, alikuja kunisalimia. Aliweka bia nne mezani kwetu, akafungua mbili, akasema moja haiui na mwenyewe ninang'aa. Mvuke ulitoka kwenye chupa. Minza alikuwa sokoni. Nyuma ya pazia Sengi alikuwa amelala mchana, nami nilisikia anavyopumua, pumzi ndefu ya mtu aliyelala kweli. Sikumhubiria Bundala. Nilimwambia tu kwamba kuna mtu amelala na kwamba naomba akanywee nje, nami nitamsindikiza. Nilimbebea chupa zake mwenyewe hadi kwenye gari, mikono yote miwili baridi. Niliporudi nilikaa kwenye kile kiti kwa muda mrefu, na kilichonijia haikuwa fahari. Ilikuwa njaa. Nikachemsha mayai matatu nikayala yote.

Aprili Dokta Mgaya alinipima mara ya mwisho kabla ya uhamisho wake. Alinigonga tumbo likatoa sauti ya ngoma kavu, akanitazama machoni, akasema manjano yameisha. Alinipunguzia vidonge. Alinipa mkono bila kusema nimepona, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema asichokijua. Tangu hapo nimefanya vipimo vingi, vingine kwa mashine ambazo wakati ule hatukuzijua, na makovu ya ini bado yapo ndani yangu, yametulia. Bundala tulimzika miaka minne baadaye, tumbo likiwa kama langu lilivyokuwa. Wajukuu wangu wamechanjwa dhidi ya vile virusi nilivyokuwa nikiviombea. Mimi bado nakula maharage kwa limau, na chakula cha watu wengine nakiona kina chumvi nyingi.

Juni, pamba ilipofunguka, tulikwenda nyumbani. Lori lilitushusha barabarani asubuhi mapema, na kutoka pale hadi kwa Shija kuna nyumba kama tisa. Nilikuwa na mzigo begani, naubeba mwenyewe, na Minza nyuma yangu. Nilimwambia Sengi tupite njia ya mashambani, ni fupi. Alikataa. Alijifunga khanga upya, akatangulia katikati ya njia, na kwenye mji wa kwanza akasimama uani, akasema kwa sauti, "Mwangaluka." Wale waliokuwa wakianika pamba waliacha kazi. Kwetu salamu ya asubuhi ikitolewa, mtu huijibu, hata kama ametoka kugombana nawe. Alisimama palepale hadi wakaitikia, mmoja mmoja, na wakamwuliza za huko alikotoka. Kisha akaenda mji wa pili. Kwenye ule wa nne alikuwapo kijana ambaye kila mtu alijua ndiye aliyerusha mawe. Sengi alimsalimia kwa jina. Yule kijana alinitazama mimi kwanza, tumbo, miguu, mzigo begani, halafu akainamisha kichwa akaitikia, na akamwita mayu, yaani mama.

Tulipofika kwa Shija jua lilikuwa limepanda. Alikuwa amekwisha kusikia, maana sauti ya Sengi ilitutangulia nyumba hadi nyumba. Alisimama mlangoni. Alinitazama muda mrefu, kama karani anayetaka kupima upya. Sengi akamsalimia. Shija akaitikia, akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta vumbi kwa kiganja chake na kukiweka kivulini, si kwa ajili yangu. Akamkaribisha akae. Sengi akamshukuru, wabeja sana, akasema atakuja kukaa. Kwanza, alisema, kule mbele kuna nyumba mbili bado hajazisalimia, na akaondoka kuelekea huko bila kutungoja.